Mshauri Aliyehamishiwa Ukutani

Eloy Archuleta alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti mawili ya bandia, na kiti kimoja alichokipenda kuliko sofa la nyumbani kwake. Kiti chenyewe hakikuwa na ajabu. Ngozi ilishachubuka mkono wa kulia, na ukiegemea kinalia kama bata. Lakini kilikuwa cha pili kushoto kwa jenerali, kwenye meza ndefu ya chumba kisicho na madirisha, katika kambi moja kusini mwa jiji la Tampa. Mbele ya kiti hicho, kwa miaka kumi na saba, kilisimama kikadi cheupe chenye jina lake.

Kwenye meza ile ndipo zilipopangwa zile kazi ambazo magazeti huziandika baadaye kwa mstari mmoja, kwamba makomandoo walivamia wakaokoa watu. Gazeti halisemi kwamba kabla ya kuvamia kulikuwa na wiki tatu za raia mmoja mwenye kitambi na suruali ya kaki akiwauliza makomandoo hao maswali ya kuudhi. Mafuta ya helikopta yakiisha mtarudi na nini, baiskeli? Mbwa akibweka nani anambembeleza? Raia huyo alikuwa Eloy. Zamani alikuwa fundi wa helikopta aliyeruka nazo jeshini miaka ishirini na miwili, akastaafu na cheo cha sajenti, kisha akarudi kwa mlango wa pili kama mshauri mwandamizi wa kiraia. Mshauri hapewi bunduki, hapewi medali, hapelekwi kokote. Mambo yakienda vizuri wanasifiwa waliokwenda. Yakiharibika, mshauri anaulizwa alikuwa amelala? Faida yake yote ilikuwa kile kiti.

Halafu akaja Daktari Tamsin Brandvold.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, shahada ya uzamivu, na kitabu chenye jina lake mgongoni. Buti la jeshi hakuwahi kulivaa hata kwa kujaribu dukani. Kila asubuhi alikimbia kilomita kumi kando ya ghuba, katika joto ambalo korongo wenyewe wanatafuta kivuli, kisha anaingia kazini ananukia sabuni na kusalimia kila mtu kwa jina, mpaka mlinzi wa getini. Wiki ya tatu tu, jenerali alimpa mkono, na ndani ya kiganja mlikuwa na ile sarafu ya heshima ambayo makamanda huwapa waliowafurahisha. Eloy yake aliingoja miaka minne. Mwezi wa sita, kikadi cha pili kushoto kikasomeka BRANDVOLD.

"Mzee Eloy," karani alimwambia kwa sauti ya nesi aliyeficha sindano, "wewe tumekuweka pale ukutani. Pale utanyoosha magoti vizuri."

Kunyoosha magoti! Mle chumbani kuna watu wa mezani na watu wa ukutani. Wa mezani wanasema. Wa ukutani wanashika makaratasi, wanatikisa vichwa, na wanaongea wakiulizwa tu. Eloy alikaa ukutani akamtazama Tamsin akikiegemea kile kiti, nacho kiti, kisicho na aibu, kikanyamaza kimya. Hakikulia. Miaka kumi na saba kilimlilia yeye, leo kimepata mwili wa kilomita kumi kimepona.

Ubaya mkubwa wa Tamsin ni kwamba hakuwa mbaya. Angekuwa na dharau, Eloy angemchukia vizuri, kwa raha zake, akalala. Lakini alikuwa anamletea kahawa. Alikuwa anamuuliza, "Mzee, wewe ungefanyaje hapa?" na anaandika jibu. Jioni Eloy anabaki kulitafuna lile swali kama mfupa: kwa nini ameuliza? Ameniibia nini?

"Kwani huyo daktari amekuandama hata kwenye supu?" mkewe Bernadette alimuuliza siku moja mezani. Alikuwa amepika supu ya mahindi na nyama, na pilipili aliyotumiwa kutoka nyumbani kwao New Mexico, na mumewe alikuwa anaikoroga tu.

"Sijamtaja mtu."

"Umemtaja mara nne tangu uliponawa mikono. Ana kitabu, si ndiyo?"

"Anacho."

"Umekisoma?"

"Mara mbili."

"Kizuri?"

Eloy alikoroga supu. "Ukurasa wa mia na tisa kuna koma imekaa vibaya."

Bernadette alicheka mpaka akashika meza. "Eloy wewe! Una wivu kuliko mwari wa sherehe ya mwenzake. Kula, supu haijaandika kitabu."

Yeye hakucheka. Usiku ule, mke akiwa anakoroma, yeye alikuwa bado anahesabu ni mara ngapi wiki ile jenerali alisema "Tamsin" na mara ngapi alisema "Eloy". Kumi na tisa kwa mbili. Na moja ya zile mbili ilikuwa, "Eloy, funga mlango."

Basi ikaja kazi ya Zeituni. Hilo lilikuwa jina la bandia. Nchi yenyewe ilikuwa mbali na haikutajwa hata na waliokuwa wakiipangia. Wahandisi wawili walikuwa wametekwa nyara, wamefungiwa kwenye nyumba ya shambani bondeni. Mpango wa kuwatoa ulikuwa wa Tamsin mwanzo mpaka mwisho. Helikopta nne zitashuka gizani Jumapili, usiku usio na mwezi, kwenye shamba tambarare hatua mia tatu kutoka kwenye ile nyumba. Makomandoo watakwenda kwa mguu, watavunja mlango, watarudi na watu wao. Dakika kumi na nane.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Eloy alikaa na picha za setilaiti akitafuta kosa. Kazi yake ilikuwa kutafuta makosa, lakini siku hiyo aliyatafuta kama mtu anayepekua mifuko ya suruali ya mwenziwe. Wengine wote walikuwa wanaitazama nyumba: milango, walinzi, mbwa. Eloy alitazama mashamba. Alikuwa amekulia kijiji cha bondeni kaskazini mwa New Mexico, ambako maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu, familia hadi familia, na ambako mtu atakusamehe ukimwibia ng'ombe lakini si ukimwibia saa moja ya maji. Tangu ana miaka saba alikuwa anafungua na kufunga lango la maji na baba yake.

Kwenye picha ya Jumapili, shamba la kwanza chini ya mfereji lilikuwa limegeuka rangi, jeusi kidogo. Ya Jumanne, la pili. Ya Alhamisi, la tatu. Wachambuzi walikuwa wameandika pembeni: kivuli. Kivuli! Eloy alihesabu kwa kidole. Siku mbili kila shamba. Jumamosi la nne, Jumatatu la tano, Jumatano la sita, Ijumaa la saba, Jumapili la nane. Shamba la nane ndilo la kutulia helikopta. Siku ambayo wanaume arobaini watashuka pale na mizigo mgongoni, mwenye shamba atakuwa amelifungulia maji mpaka magotini. Magurudumu yatazama, watu watanata, na zile dakika kumi na nane zitakuwa saa nzima ya kuhangaika kwenye matope, walinzi wakiangalia kutoka dirishani.

Moyo ulimruka. Na hapa ndipo pa aibu: haukuruka kwa hofu. Uliruka kwa furaha.

Mle ndani madaftari ya kazi yana kurasa zenye namba, na kila unachoandika lazima ukiwekee tarehe na saa, kwa sababu ni siri na siri zina makarani wake. Eloy aliandika hesabu yote, shamba kwa shamba, siku kwa siku. Chini yake akaandika: Asiambiwe. Jumatano, mbele ya J. Akapigia mstari.

J. alikuwa jenerali. Jumatano asubuhi ndipo Tamsin angempelekea mpango ausaini. Jenerali yule, Leland Stroud, alikuwa na desturi moja. Kabla ya kusaini alizunguka chumba kizima kwa macho, mezani mpaka ukutani, akiuliza, "Nani ana la kuongeza?" Hapo Eloy angesimama. Hakuna atakayekufa, alijiambia. Mpango utarekebishwa, helikopta zitahamishwa, wahandisi watatoka. Kitakachopungua ni kitu kimoja tu, nacho kimekalia kiti chake.

Lakini kabla ya Jumatano kuna Jumatatu, na Jumatatu kuna machinjio.

Machinjio ndilo jina walilokipa wenyewe kikao cha kuuchanachana mpango kabla haujafika juu. Mwenye mpango anavaa aproni ya bucha, yenye madoa ya mchuzi wa nyama choma ambayo hakuna anayekubali kuyafua, anasimama mbele, na wenzake wanamshambulia. Hakuna cheo, hakuna pole. Koplo anaweza kumwambia kanali kwamba wazo lake ni la kipumbavu, na kanali anaandika. Sheria ni moja, na Kanali Tackett, mwenyekiti wa kikao, aliisema upya kila mara:

"Mnaijua. Ulichokiona, kitoe hapa. Ukikificha hapa, usinifufulie kule juu. Haya, mchinjeni."

Wakamchinja. Mmoja aliuliza kuhusu mbwa, mwingine betri za redio. Rubani mkuu, Dewey Odom, kijana mrefu ambaye ndiye angeongoza helikopta zile nne, aliuliza kuhusu nyaya za umeme. Tamsin alijibu yote, aproni imemfika magotini, jasho halimtoki. Kila jibu zuri lilikuwa kama kijiko cha chumvi kwenye kidonda cha Eloy.

"Mjomba, vipi leo?" Dewey alimgeukia. "Umemeza ulimi? Mwaka jana ulinichinja mimi kwa sababu ya ndoo ya maji ya kunywa. Nilikwenda kulia chooni."

"Hukulia. Ulipiga kwikwi," Eloy alisema. Watu wakacheka.

Tamsin hakucheka. "Mzee Eloy, kunyamaza kwako kunanitisha. Nakuomba. Kuna nini ambacho sijakiona?"

Chumba kikamgeukia. Alikuwa ameombwa. Mbele ya watu, kwa adabu, na mwanamke aliyevaa aproni yenye mchuzi. Ulimi wake ulikuwa umeshainuka. Kisha akaona jinsi Kanali Tackett alivyokuwa anamtazama Tamsin, kwa ile fahari ambayo zamani ilikuwa ikimwangukia yeye.

"Mpango msafi, Dokta," alisema. "Sina kitu."

Tamsin alishusha pumzi, na akatabasamu kwa jinsi ambayo ilimfanya Eloy atazame viatu. "Wewe ukisema msafi, mimi nalala leo."

Yeye hakulala. Aliipanga hotuba yake ya Jumatano mpaka Bernadette akamuuliza anaongea na nani.

Jumatano, saa mbili asubuhi, wote waliacha simu zao kwenye visanduku vya nje, wakaingia. Tamsin akasimama, akaeleza. Eloy, ukutani, daftari mapajani, alingoja kama mtu anayengoja chakula cha harusi. Slaidi ya nyumba ikapita. Ya mbwa ikapita. Ikaja ya shamba, tambarare, kavu, zuri. Aliziona hata nyufa za udongo. Ikapita.

Ndipo msaidizi akaingia na kikaratasi. Jenerali akakisoma, akasimama, na chumba chote kikasimama naye.

"Washington wananitaka kwenye simu sasa hivi," alisema. "Tamsin, kazi nzuri. Nasaini." Akainama na kalamu.

Hakuuliza. Hakuzunguka kwa macho. Desturi ya miaka yote, na leo ndiyo leo ameiruka! Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Eloy alimwona Dewey Odom upande wa pili, anafunga kofia yake kwenye mkanda, tayari kwenda kupumzisha watu wake kabla ya safari.

"Jenerali, lile shamba litakuwa na maji!"

Sauti ilitoka kubwa mno, ya kiwandani. Hata yeye ilimshtua. Kalamu ikasimama.

"Nani huyo?"

"Archuleta, afande. Shamba la kutua. Wanamwagilia kwa zamu, siku mbili kila shamba. Jumapili ni zamu ya lile. Helikopta zitazama."

Jenerali alimtazama Tamsin. Tamsin aligeuka akatazama slaidi, na rangi ikamtoka usoni taratibu. "Yale meusi tuliyaita vivuli," alisema.

"Vivuli au maji?" Jenerali alitazama saa. "Nina dakika tatu. Siwezi kuahirisha kazi kwa madoa matatu kwenye picha. Eloy, nipe kitu cha kushika."

Alikuwa nacho. Kilikuwa mapajani mwake. Alikuwa ametabiri siku tano kabla kwamba Jumatatu maji yatakuwa shamba la tano. Picha ya jana ilikuwa palepale kwenye mashine, hakuna aliyeitazama kwa jicho hilo. Wakiilinganisha na daftari, ubishi utakwisha kwa nusu dakika. Lakini utabiri hauna maana bila tarehe yake. Na chini ya tarehe kulikuwa na ule mstari.

Angeweza kusema ameliwaza sasa hivi. Nani angejua? Lakini bila ile tarehe jenerali angesaini na kuondoka, na Jumapili Dewey angeshuka kwenye bwawa.

Eloy alivuka chumba kwa magoti yake ya bandia akaliweka daftari wazi mezani.

Jenerali alisoma. Kanali Tackett alisoma begani kwake. Mtu wa mashine akaweka picha ya jana ukutani, kubwa. Moja, mbili, tatu, nne. La tano lilikuwa jeusi tititi, na mtu mdogo kama sisimizi alikuwa amesimama kwenye tuta, pengine na jembe lake.

"Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana," jenerali alisoma kwa sauti. Akasoma na mstari wa mwisho, polepole, kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Asiambiwe. Jumatano, mbele ya J." Akainua kichwa. "J. ni mimi?"

"Ndiyo, afande."

"Jumatatu ulikuwepo machinjioni?"

"Nilikuwepo."

"Alimwuliza," Kanali Tackett alisema, bila kumtazama Eloy. "Kwa jina lake. Mbele ya watu ishirini."

Jenerali alifunga kalamu. "Tamsin, nataka mahali pengine pa kutua kabla ya saa saba mchana. Eloy, ahsante kwa shamba." Akamwonyesha mlango kwa kalamu. "Toka."

Tamsin alimfuata mpaka kwenye vile visanduku vya simu. Eloy alifikiri anakuja kumsamehe, na akaanza kumchukia mapema kwa hilo.

"Nilikuwa nimevaa aproni," Tamsin alisema. "Nilivaa ili mnichinje. Ungenichinja Jumatatu ningekubusu kichwa, mzee. Dewey ana watoto wangapi?"

"Watatu."

"Na ulikuwa unajua." Akachukua hatua moja nyuma, kama mtu aliyesogelea jiko bila kujua. "Kiti kile kinaniumiza mgongo, unajua? Ungekiomba tu."

Akarudi ndani kwenda kuutengeneza mpango. Eloy alibaki akipapasa kisanduku cha simu ya mtu mwingine. Angetukanwa, angevumilia. Kilichomchoma ni kwamba hata hasira ya Tamsin ilikuwa nzuri kuliko ya kwake.

Jumapili helikopta zilitua kwenye barabara ya changarawe kando ya mfereji. Wahandisi walitoka wazima. Eloy alisikia redioni, akiwa jikoni anakata vitunguu, kama raia mwingine yeyote. Bernadette alimtazama usoni, akazima redio.

Hawakumfukuza. Walimhamishia jengo la ng'ambo ya barabara, kufundisha maofisa wapya namna ya kusoma picha. Chumba kina madirisha, unaona vifaru vya zamani vilivyowekwa bustanini na mvua ya alasiri inavyovipiga. Wanafunzi wanampenda, kwa sababu anawatukana vizuri. Anawaambia watoto wa mjini kwamba wakiona shamba wanadhani limechorwa.

Mwezi wa tatu aliwawekea picha ya bonde lisilo na jina, akawauliza wangetua wapi. Kapteni mmoja mdogo, msichana wa Ohio mwenye madoadoa ya jua usoni, hakuangalia hata mara mbili.

"Kwanza swali la Brandvold, mzee."

"Swali la nani?"

"Brandvold. Maji ni zamu ya nani?" Alilisema kama mtu anayetaja jedwali la kuzidisha. "Lipo kwenye orodha sasa. Hausainiwi mpango wowote bila kulijibu. Pale makao makuu kila mtu analiita hivyo."

Darasa zima lilikuwa linaandika. Eloy alisimama na kalamu ya ubao mkononi. Maneno yalikuwa yamemfika kwenye meno: swali hilo ni la baba yangu, ni la mfereji wetu, ni langu, nimelihesabu kwa kidole hiki hapa. Sentensi tatu tu zingetosha. Lakini ya nne ingekuja yenyewe. Mmoja wao angeuliza, basi kwa nini haliitwi la Archuleta? Na jibu la hapo liko kwenye daftari lenye kurasa za namba, limefungiwa kabatini, lina tarehe na saa.

"Unamfahamu, mzee?" kapteni aliuliza. "Wanasema ana akili kama kisu."

"Nilimfahamu kabla hajawa swali," Eloy alisema.

Wakacheka wote. Akawaacha wacheke, akageukia ubao, na kwa mwandiko wake mzuri wa zamani akaliandika jina lile herufi kubwa, ili lisikosewe. Chini yake akaliandika swali. Kifua kilikuwa kinamwaka kama aliyemeza kaa la moto. "Haya," alisema, akiwa bado amewapa mgongo, "nani anaweza kuniambia shamba lipi litafuata?"